Janga la Korona na Utafiti wa Vyuo Vikuu: Funzo la Isiolo kuhusu Afya, Jamii na Ufufuaji wa Uchumi

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa amethibitishwa nchini. Katika muda wa majuma mawili shule na vyuo vilifungwa, nyumba za ibada zikafungwa, mikusanyiko ya watu ikapigwa marufuku, na kuanzia tarehe 27 Machi nchi nzima ikawekwa chini ya kafyu kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kafyu hiyo, ambayo saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Wakati huohuo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na vya ng'ambo vilianza mbio za kutafuta majibu ya maswali matatu: ugonjwa umeenea kiasi gani, ni nani walioumia zaidi, na uchumi utainuliwa kwa njia gani.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi maswali hayo matatu yalivyojibiwa, na pale ambapo hayakujibika, kwa kuitazama kaunti moja ya Kenya, yaani Isiolo. Hoja kuu ni kwamba kwa mfugaji na mchuuzi wa Isiolo janga hili lilifika kwanza kama kufungwa kwa njia na soko, kabla ya kufika kama homa. Kwa sababu hiyo, ufufuaji wa uchumi wake haukuweza kutenganishwa na mambo mawili: uhuru wa mifugo na bidhaa kusafiri, na uhusiano wa watu wanaosaidiana. Utafiti uliopima homa peke yake, au mapato peke yake, ulipata ukweli, lakini ulipata nusu yake.

Isiolo na Mahali Pake katika Utafiti

Kaunti ya Isiolo iko mahali ambapo miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya inakutana na nyika kavu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti hiyo ilikuwa na wakazi 268,002 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Huo ni wastani wa watu wapatao 11 kwa kila kilomita ya mraba. Wakazi hao ni Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana, Wameru na wengineo, na lugha inayowakutanisha sokoni na ofisini ni Kiswahili. Mto Ewaso Ng'iro unapita kati ya kaunti ukielekea kwenye kinamasi cha Lorian, nao ndio tegemeo la malisho wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi barabara ya lami itokayo Nairobi iliishia mjini Isiolo; kutoka hapo njia moja huelekea Marsabit na Moyale, na nyingine Wajir na Mandera. Kwa hiyo mji huo ni lango. Wanyama wengi wanaotoka kaskazini kwenda kuchinjwa Nairobi hupita hapo au jirani na hapo.

Isiolo si mahali pageni kwa wanachuo. Mwaka 1979 Gudrun Dahl wa Chuo Kikuu cha Stockholm alichapisha kitabu kuhusu maisha na uchumi wa Waborana wa Waso, yaani wale wa bonde la Ewaso Ng'iro. Mwaka huohuo Anders Hjort alichapisha utafiti wake kuhusu mji wenyewe wa Isiolo, akionyesha jinsi wakazi wa mjini walivyoendelea kushikamana na jamaa zao wa malishoni. Richard Hogg naye aliwachunguza Waborana wa Isiolo na majaribio ya kuwarudishia mifugo waliofilisika. Tafiti hizo zilifanywa miongo minne kabla ya korona. Hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kuonyesha jambo ambalo janga lingelithibitisha: utajiri wa Isiolo hauhesabiki kwa idadi ya mifugo pekee, bali pia kwa idadi ya watu ambao mtu anaweza kuwaendea siku ya shida.

Karantini Isiyo Ngeni

Neno karantini lilipoenea nchini mwaka 2020, wengi walilipokea kama neno jipya. Isiolo, neno hilo lina historia ndefu. Katika enzi ya ukoloni mji huo ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mifugo ya wilaya hiyo ilizuiwa kwa vipindi virefu isivuke kwenda kusini kwa hofu ya magonjwa, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe. Mnyama alipaswa kuzuiliwa na kukaguliwa kabla ya kuuzwa. Amri hizo zilikuwa na sababu ya kitabibu, lakini pia ziliyakinga mashamba ya walowezi dhidi ya ushindani wa soko. Mfugaji aliona mambo hayo mawili yakienda pamoja, na kwake karantini ikawa na maana ya ugonjwa na pia ya bei kuanguka.

Baada ya uhuru lilifuata jambo zito zaidi. Wakati wa vita vya shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizika kwa mapatano ya mwaka 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na kuwazuia kuhama. Mifugo iliyozoea kufuata mvua ilibanwa mahali pamoja. Mingi ilikufa, na mingine ikatwaliwa. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi hicho "gaafa dhaabaa", yaani wakati wa kusimamishwa. Zeinabu Kabale Khalif na Gufu Oba walikusanya masimulizi ya wazee kuhusu kipindi hicho na kuyachapisha mwaka 2013. Walionyesha kwamba athari zake kwa uchumi wa kaya ziliendelea kwa miongo kadhaa baada ya vita kwisha.

Historia hii ina maana kubwa kwa mtafiti wa afya ya jamii. Amri ya kukaa mahali pamoja, hata inapotolewa kwa nia njema, haiangukii masikio matupu. Huangukia masikio ya watu ambao baba zao walifukarishwa kwa amri ya namna hiyohiyo. Mtafiti asiyeijua historia hiyo anaweza kuiona tahadhari ya mfugaji akaiita ukaidi au ujinga.

Homa ya Bonde la Ufa nayo ilikuwa imetoa funzo la karibu zaidi. Mlipuko wa mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007 uliua watu wapatao 150 nchini Kenya, na masoko ya mifugo yakafungwa. Karl Rich na Francis Wanyoike walikadiria katika makala yao ya mwaka 2010 kwamba uchumi wa Kenya ulipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Muhimu zaidi, walionyesha kwamba hasara hiyo haikumkumba mfugaji peke yake, bali pia wafanyabiashara, wenye machinjio, vibarua na wauza nyama. Kwa hiyo, miaka kumi kabla ya korona, ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba kufunga soko la mifugo ni kukata mnyororo wenye pete nyingi.

Jinsi Amri Zilivyougusa Mnyororo wa Biashara

Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Hatua kama hiyo ilichukuliwa kwa Mombasa, Kilifi na Kwale, na baadaye mwezi huo kwa Mandera. Masoko ya mifugo katika kaunti za kaskazini yalifungwa kwa nyakati mbalimbali. Malori ya chakula na mizigo yaliruhusiwa kupita, jambo lililoonekana kana kwamba linailinda biashara. Ili kufahamu kwa nini ruhusa hiyo haikutosha, yafaa kueleza jinsi biashara yenyewe inavyofanya kazi.

Mbuzi wa Merti hafiki Nairobi kwa lori tu. Kwanza hupelekwa mnadani siku ya soko, ambako muuzaji na mnunuzi hukutanishwa na dalali anayewajua wote wawili. Dalali huthibitisha kwamba mnyama si wa wizi, husimamia mapatano ya bei, na mara nyingi huwa mdhamini wa malipo yatakayokuja baadaye. Kisha huja wachungaji wa njiani, wapakiaji, dereva, na mwisho wanunuzi wa Kiamaiko jijini Nairobi. Kila pete ya mnyororo huu ni mkusanyiko wa watu. Siku ya soko ikifutwa, lori lenye ruhusa hukosa cha kubeba, na bei huamuliwa na mnunuzi mmojammoja anayekwenda hadi bomani kwa mfugaji asiye na mahali pengine pa kuulizia.

Mfano ulio wazi zaidi ni maziwa ya ngamia. Mjini Isiolo biashara hii imeshikwa na wanawake, wengi wao wa jamii ya Wasomali, na baadhi yao wamejiunga katika vyama vya ushirika kama kile cha Anolei. Maziwa hukamuliwa malishoni, hukusanywa kwa madumu, huletwa mjini, hupimwa na kupozwa, kisha husafirishwa kwenda Nairobi. Mnunuzi mkuu ni mtaa wa Eastleigh. Mwaka 2012 watafiti wanne, David Anderson, Hannah Elliott, Hassan Kochore na Emma Lochery, walieleza katika makala yao jinsi biashara hii ilivyowategemea wanawake wa kati walioaminiana kutoka bomani hadi kwenye vibanda vya maziwa vya jijini, na jinsi madumu yalivyosafiri kwa mabasi ya abiria.

Hapo ndipo amri za mwaka 2020 zilipogusa pabaya. Mabasi ya abiria hayakuruhusiwa tena kuingia Nairobi. Kisha tarehe 6 Mei mtaa wenyewe wa Eastleigh ukafungwa, watu wasiingie wala kutoka, hadi mwanzoni mwa Juni. Mifugo inaweza kusubiri soko kwa mwezi mmoja ikiwa malisho yapo. Maziwa hayasubiri hata siku mbili katika joto la Isiolo. Tena huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo maziwa na nyama huhitajika sana kwa futari. Mwanamke muuza maziwa hakuwa na homa, wala hakuwamo katika takwimu za wagonjwa, lakini alikuwa ameguswa na janga.

Njia Tatu za Kulipima Janga

Tafiti zilizofanywa nchini Kenya wakati wa korona zinaweza kugawanywa katika makundi matatu makuu, kwa kuzingatia chombo kilichotumiwa kupima.

Kundi la kwanza ni la tafiti za damu. Mfano wake bora ni utafiti wa mpango wa pamoja wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome Trust, unaoshirikiana kwa karibu na Chuo Kikuu cha Oxford. Watafiti walichunguza sampuli 3,098 za damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, wakitafuta chembe za kinga zinazoonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Waligundua kwamba takriban asilimia 4.3 walikuwa nazo, kiwango kikubwa kuliko ilivyodhaniwa kwa kutazama idadi ya wagonjwa waliothibitishwa. Ugunduzi huo ulikuwa wa thamani kubwa kwa taifa. Hata hivyo, damu hiyo ilitoka katika vituo vinne vya kuongezea damu: Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret. Isiolo na kaskazini kwa jumla haikuwa na kituo miongoni mwa hivyo.

Kundi la pili ni la tafiti za simu. Kwa kuwa watafiti hawakuweza kuzuru kaya, Benki ya Dunia, Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walianza mwezi Mei 2020 kuwahoji watu kwa simu kuhusu kazi, mapato, chakula na elimu, na wakawarudia kwa vipindi. Faida ya njia hii ni wepesi wake: mabadiliko ya hali ya watu yanaonekana baada ya miezi michache. Upungufu wake ni kwamba humfikia mwenye simu, mwenye chaji, na aliye mahali penye mtandao. Mchungaji aliyehamisha ngamia mbali na mnara wa simu huwa nje ya hesabu, naye ndiye aliyeshika mali ya ukoo mzima. Aidha, swali la "ulipata kiasi gani mwezi huu" humfaa mwenye mshahara kuliko mtu ambaye mapato yake ni ndama aliyezaliwa, maziwa yaliyogawiwa jirani, na deni lililoahirishwa.

Kundi la tatu ni la tafiti za kukaa na watu. Isiolo ilikuwa na bahati hapa, kwa kuwa utafiti wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya korona. Mradi ujulikanao kama PASTRES, uliofadhiliwa na Baraza la Utafiti la Ulaya na kuongozwa na Ian Scoones wa Sussex, Uingereza, pamoja na Michele Nori wa Florence, Italia, uliwachunguza wafugaji wa nchi sita: China, India, Italia, Tunisia, Ethiopia na Kenya. Nchini Kenya mtafiti Tahira Shariff Mohamed alifanya kazi yake miongoni mwa Waborana wa Isiolo, katika maeneo ya Kinna na Merti. Kinna iko karibu na Mbuga ya Wanyama ya Meru na ina kilimo na biashara zaidi. Merti iko ng'ambo ya Ewaso Ng'iro, katika nchi kavu zaidi. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu korona na ufugaji katika mabara matatu. Tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sussex ilihusu jinsi jamii inavyokabili mashaka kwa kusaidiana.

Ikumbukwe kwamba makundi haya matatu hayashindani. Damu hueleza kuenea kwa virusi, simu hueleza kasi ya kuanguka kwa mapato, na kukaa na watu hueleza jinsi wanavyosalimika. Kasoro huingia pale sera inapotungwa kwa kusikiliza kundi moja tu, kwa sababu tu matokeo yake yamekuja katika tarakimu.

Kinga Iliyomo Ndani ya Jamii

Waborana wana taratibu kadhaa za kusaidiana ambazo kwazo kaya iliyoanguka hurudishwa kwenye ufugaji. Iliyo maarufu zaidi ni "busa gonofa". Kaya iliyopoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi hupeleka shauri lake mbele ya ukoo. Wazee huchunguza ukweli wa shida hiyo, kisha wenye mali hutakiwa kutoa wanyama ambao huwa mali ya aliyepewa moja kwa moja. Kuna pia "dabare", ambapo mtu hupewa mnyama wa kukamua kwa muda pasipo kummiliki. Juu ya hayo kuna zaka na sadaka za Kiislamu, kuna mikopo ya dukani inayolipwa mifugo ikiuzwa, na kuna michango ya jamaa walioko mijini.

Wataalamu kadhaa waliwahi kueleza kwamba taratibu hizi zinakufa kwa sababu ya fedha na maisha ya mjini. Utafiti wa Isiolo unaonyesha picha tofauti: hazijafa, bali zimebadilika sura. Pale ambapo ukoo umepungua nguvu, vikundi vya wanawake, misikiti, wafanyabiashara na simu vimeingia. Hatua moja ya serikali ilisaidia bila kelele nyingi: kuanzia Machi hadi Desemba 2020 kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada. Kwa afisa wa fedha hiyo ilikuwa njia ya kupunguza matumizi ya noti. Kwa jamii inayoishi kwa michango midogomidogo, ilikuwa sawa na kuondoa ushuru juu ya ukarimu.

Hata hivyo, haifai kuzipamba taratibu hizi kupita kiasi. Asiye na ukoo karibu hapati. Mwanamke mjane aweza kusubiri zaidi ya mwanamume mwenye sauti barazani. Tena, kusaidiana hufanya kazi vizuri pale shida inapomkumba mmoja na kumwacha mwingine; inapowakumba wote kwa pamoja, mwenye kutoa hutoweka. Amri za korona ziliwakumba wote kwa pamoja: mfugaji alikosa soko, jamaa wa mjini alikosa kibarua, na mwenye duka alikosa bidhaa. Hapo ndipo mkono wa serikali unapohitajika, usiwe wa kuchukua nafasi ya kusaidiana, bali wa kukuongezea uwezo.

Ushahidi kutoka upande mwingine wa nchi unaiunga mkono hoja hii. Katika kaunti za Siaya na Bomet, watafiti akiwamo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri wa chuo cha MIT cha Marekani walikuwa wakichunguza kaya zilizopewa fedha taslimu tangu kabla ya janga. Walipozihoji mwaka 2020 walikuta kwamba njaa na maradhi yalikuwa yamepungua miongoni mwao ikilinganishwa na wasiopewa, ingawa tofauti haikuwa kubwa sana. Akiba iliyofika kabla ya dhoruba ndiyo iliyosaidia. Mbuzi wa "busa gonofa" na fedha za Siaya ni vitu tofauti, lakini vinafuata kanuni moja.

Majanga Hayakupanga Foleni

Korona haikuikuta Isiolo imepumzika. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, uvamizi mbaya zaidi nchini kwa kipindi cha miaka 70, na Isiolo ikawa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa. Mwezi Novemba 2020, wakati macho ya taifa yalikuwa kwenye korona, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka tena, na watu wakafa katika eneo la Garba Tulla. Dalili zake za mwanzo, yaani homa, maumivu ya kichwa na uchovu, zingeweza kudhaniwa kuwa za korona. Kisha mvua za misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, zilikosekana au kupungua mno, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika maeneo kame ya Kenya.

Mfululizo huu unaeleza kwa nini takwimu za ufufuaji wa uchumi wa taifa hazikulingana na hali ya Isiolo. Mwezi Mei 2020 serikali ilitangaza mpango wa kuchochea uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Uchumi wa Kenya, uliopungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, ulikua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2021. Kwa hesabu hiyo taifa lilikuwa limepona. Lakini mwaka huohuo wa 2021 mfugaji wa Isiolo alikuwa akiingia katika ukame mkali, akiwa amekwisha kuuza kwa bei ya chini, au kushindwa kuuza, wanyama ambao wangekuwa akiba yake. Janga moja lilimpokonya nguvu za kukabili jingine.

Ni kwa sababu hiyo wanachuo wengi sasa wanapendelea mtazamo uitwao Afya Moja, unaoshughulikia afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kwa pamoja. Nchini Chad, katika miaka ya mwanzo ya 2000, wafugaji wa kuhamahama walifikiwa na timu zilizochanja watoto na ng'ombe katika safari moja. Gharama ziligawanywa, na wafugaji walijitokeza. Kwa kaunti yenye watu 11 kwa kila kilomita ya mraba, ambamo chanjo za korona zilizoanza kuwasili Kenya Machi 2021 zilipaswa kusafirishwa zikiwa baridi hadi mbali, funzo hilo halihitaji maelezo marefu. Daktari wa mifugo hujua boma limehamia wapi. Daktari wa watu mara nyingi hajui.

Suala la Lugha

Lipo pia jambo linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Janga hili liliilazimisha lugha kuzaa istilahi kwa haraka: barakoa, kitakasa mikono, kujitenga, na kwa upande wa Tanzania, UVIKO-19. Baadhi ya istilahi zilikuwa na madhara. Maneno "umbali wa kijamii" yalitafsiriwa neno kwa neno na kuenezwa, ilhali kilichotakiwa kilikuwa umbali wa miili. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza kupendelea kutaja umbali wa kimwili, ili watu wasidhani kwamba wanaambiwa wavunje uhusiano. Isiolo, ambako uhusiano ndio bima, kumwambia mtu ajitenge na jamii ni kumwambia aachane na tegemeo lake. Maneno "simameni mbalimbali, hatua mbili" yangetosha.

Aidha, karibu tafiti zote zilizotajwa katika makala haya zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Isiolo ndicho kinachomwezesha Mborana kuelewana na Mturkana. Mzee aliyeeleza jinsi "busa gonofa" inavyofanya kazi ana haki ya kusoma, au kusomewa, yaliyoandikwa kutokana na maneno yake. Muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili sanifu, uliosomwa katika baraza la chifu na kurudiwa kwa Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana, ungempa nafasi ya kusahihisha palipokosewa. Kufasiri tafiti za namna hii ni kazi ambayo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuifanya, na ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba katika Isiolo afya, jamii na uchumi ni nyuzi za kamba moja. Amri iliyokusudiwa kuokoa afya iligusa soko. Soko lilipofungwa, taratibu za kusaidiana zilielemewa. Na ukame ulipokuja, ulikuta kaya zisizo na akiba. Kwa hiyo yapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kabla ya soko la mifugo kufungwa wakati wa janga lijalo, itafutwe namna ya kuliendesha kwa nafasi na kwa zamu, pamoja na njia ya dharura ya bidhaa zisizosubiri kama maziwa. Pili, tafiti za damu na za simu ziambatane na za watu wanaokaa na jamii kwa muda mrefu, na ziwaweke wafugaji wanaohama katika hesabu. Tatu, matokeo yarudishwe kwa wenyewe, kwa lugha wanayoisikia.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika suala la karantini, kufungwa kwa masoko na kuanza upya baada ya hasara, Isiolo ndiyo mkuu, kwa kuwa imeyapitia hayo yote zaidi ya mara moja.